Mvinyo na taco: tazama salsa kwanza, nyama baadaye

Pipa Tupu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila nikikutana na ushauri wa mvinyo wa kunywa na taco, wimbo ni uleule: samaki mpe mweupe, ng'ombe mpe mwekundu, kuku mpe chochote. Ushauri huo ulitungwa kwa ajili ya sahani yenye pande la nyama na mchuzi mpole. Taco haiko hivyo. Ni tortila (mkate mwembamba kama chapati) ndogo ya kuenea kiganjani, nyama iliyokatwakatwa ya vijiko viwili vitatu, kitunguu kibichi, giligilani, ndimu ya kukamulia, halafu salsa, ile sosi ya pilipili, juu yake. Ukishatafuna, kinachotawala mdomo ni ndimu na pilipili. Nyama inasikika kwa mbali.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na anayetaka kunipinga aje: mvinyo wa taco huchaguliwa kwa kuangalia salsa. Nyama inashika nafasi ya pili.

Nianze na kilevi. Ukali wa pilipili hauonjwi kama chumvi au sukari. Unapita kwenye kipokezi cha joto na maumivu kiitwacho TRPV1, ambacho kazi yake ni kukuonya kwamba kitu kimevuka nyuzi 43 hivi na kinaunguza. Kapsaisini ya pilipili inakifungua kipokezi hicho hata chakula kikiwa cha baridi. David Julius, aliyekigundua, alipata Nobeli ya tiba mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Sasa kilevi nacho kinagusa kipokezi hichohicho na kukifanya kifunguke kwenye joto la chini zaidi ya kawaida. Mtu anayeteremshia habanero, pilipili kali sana, kwa mvinyo wa asilimia 15 hapoozi chochote, anachochea.

Kuna watakaosema kapsaisini huyeyuka kwenye kilevi, hivyo mvinyo utaiosha. Kuyeyuka inayeyuka kweli, lakini sehemu kubwa ya mvinyo ni maji. Asilimia 13 ya kilevi ni kidogo mno kuosha na inatosha kabisa kuchoma.

Halafu tanini, zile kemikali za maganda na mbegu za zabibu. Hizi hukamata protini za mate, mdomo ukabaki mkavu na wa kukwaruza. Kwenye ulimi ambao pilipili imeshaupitia, mkwaruzo huo hugeuka uchungu. Mvinyo mwekundu mzito uliolala kwenye mapipa mapya ya mwaloni ukikutana na salsa ya chile de árbol, pilipili nyembamba kali, tunda lote hupotea. Unabaki unatafuna ubao.

Uchachu ndio watu wengi wanausahau. Ndimu ni chachu kuliko mvinyo wowote utakaoununua. Chakula kikiuzidi mvinyo kwa uchachu, mvinyo unapooza, unaonekana hauna maisha. Ndiyo maana zabibu zenye uchachu wa wazi zinafanya vizuri hapa: Riesling, Albariño, Sauvignon Blanc, Chenin Blanc, na upande wa wekundu Barbera na Gamay.

Mwisho sukari, na hapa najua mawe yanakuja. Hakuna kitu ndani ya chupa kinachotuliza pilipili kuliko sukari kidogo. Riesling ya daraja la Kabinett kutoka Mosel, Ujerumani, mara nyingi ina kilevi cha asilimia 8 au 9 tu, ina sukari ya wastani, na ina uchachu mkali unaozuia sukari hiyo isichoshe. Watu wakisikia neno "mtamu" wanakunja uso kabla hawajaonja.

Mimi nimemaliza. Shusheni nondo.

Pita Njia

Naweka kambi hapa. Endeleeni wakuu.

Bia Baridi

Mleta uzi, hongera kwa somo la baiolojia. Swali dogo tu: wenye taco yao wanakunywa nini? Simama kwenye kibanda chochote cha Jiji la Mexico usiku, utaona bia, soda na maji ya matunda. El Califa de León, kile kibanda kilichopewa nyota ya Michelin, tuzo kubwa ya migahawa, mwaka 2024, watu wanakula kwa kusimama karibu na bamba la kuchomea nyama. Nani pale ameshika glasi ya mguu mrefu? Mnajitafutia kazi.

Kizibo

@Bia Baridi hakuna anayebisha kwamba bia inaongoza Mexico, tena kwa mbali. Ila mvinyo si mgeni kule. Casa Madero iliyoko Parras, jimbo la Coahuila, ilianzishwa mwaka 1597, na inatajwa kuwa kampuni ya mvinyo kongwe kuliko zote zinazofanya kazi katika Amerika. Wakati huo mfalme Philip II wa Hispania alikuwa ameshazuia upandaji wa mizabibu mipya kwenye makoloni, kulinda biashara ya wazalishaji wa kwao. Mwaka 1699 Charles II akaja na marufuku yake, akaacha mlango mmoja tu wazi: mvinyo wa kanisa. Watu wakizuiwa kwa vizazi kutengeneza kitu, utashangaaje kwamba hakipo mezani kwao?

Leo sehemu kubwa ya mvinyo wa Mexico inatoka Baja California, hasa Valle de Guadalupe, mwendo mfupi wa gari kutoka Ensenada. Na Ensenada ndiyo mji ambao ukitaja taco za samaki lazima utajwe: samaki aliyechovywa kwenye rojo ya unga na kukaangwa, kabichi mbichi, mchuzi mzito wa krimu au mayonezi, ndimu. Kwa hiyo ipo sehemu ya Mexico ambako mizabibu na taco ni majirani kabisa, na watu wa pale hawahitaji uzi huu.

Jambo moja la pembeni. Maji ya ardhini ya bonde lile yana chumvi, na baadhi ya mvinyo wake unaisikia chumvi hiyo ulimini. Wapo wanaoihesabu kuwa dosari. Kwa steki sijui, ila kwa samaki wa kukaanga mwenye ndimu, mimi naitaka iwepo.

Bia Baridi

Historia nimeipokea kwa mikono miwili. Bado sijaambiwa bia imekosa nini.

Pipa Tupu

Haijakosa kitu mkuu, na ndiyo hoja yangu yenyewe. Lager ina kilevi cha asilimia 4 au 5, haina tanini za kukwaruza, na inanywewa baridi. Inafaulu kwa vigezo vilevile nilivyovitaja juu. Inachopungukiwa ni uchachu. Ukila taco za mafuta mengi, bia inakushibisha kabla hujafika ya tatu. Mvinyo mchachu unakata mafuta, unaomba taco nyingine.

Mama Chungu

Wanangu, mnaitaja salsa kana kwamba ni moja. Mimi ni mtu wa jiko, ngoja niwapange.

Kuna salsa verde, ya tomatillo. Tomatillo ni tunda la kijani lenye ganda la karatasi, chachu kwa asili, na husagwa na serrano au jalapeño, mara nyingi na giligilani. Salsa hii ni majani na uchachu mtupu. Inataka mvinyo wa aina hiyohiyo: Sauvignon Blanc isiyopita kwenye mbao, au Verdejo ya Rueda kule Hispania. Mvinyo mweupe mzito wenye siagi na vanila, mfano zile Chardonnay za mapipa, weka kando. Ukiuleta hapa utaonekana mnene na mvivu.

Kuna salsa za pilipili kavu: guajillo, pasilla, ancho. Ancho ni poblano iliyoiva ikakaushwa. Hizi wengi wanaziogopa kwa rangi yake tu, lakini ukali wake ni mdogo. Ladha yake inakwenda kwenye zabibu kavu, kakao, tumbaku kidogo. Hapa, Pipa Tupu, mwekundu anapata kiti chake halali. Garnacha isiyo na kilevi kingi, Tempranillo changa, Barbera. Ukiona chipotle, hiyo ni jalapeño iliyokaushwa kwa moshi. Nayo inakubaliana na wekundu wa matunda.

Halafu kuna habanero. Jalapeño kwenye kipimo cha Scoville, cha ukali wa pilipili, iko kati ya 2,500 na 8,000. Habanero inaanzia kwenye 100,000 na kufika 350,000. Hapo usilete ujuaji, leta sukari na baridi.

Sasa niwape nyama tatu ninazozijua vizuri.

Carnitas, za Michoacán. Nguruwe anapikwa taratibu ndani ya mafuta yake mpaka kingo zinakuwa za kukauka na ndani laini. Nyama yenyewe haina pilipili, ina mafuta na chumvi. Hii ndiyo taco rahisi kuliko zote kwa mnywaji wa mvinyo. Chenin Blanc ya Vouvray, bonde la Loire kule Ufaransa, mkavu au wenye sukari kidogo. Lambrusco nyekundu ya baridi, yenye povu. Gamay ya Beaujolais. Zote zinakaa. Mimi huchukua Lambrusco kwa sababu povu na uchachu vinasafisha mdomo, na rangi ile ya zambarau pembeni ya nyama ya kahawia inapendeza machoni, mkitaka kunicheka nichekeni.

Cochinita pibil, ya Yucatán. Nguruwe anayelowekwa kwenye achiote (kiungo cha mbegu nyekundu) na maji ya machungwa machungu, anafungwa kwenye majani ya mgomba, kijadi anapikwa shimoni. Anakuja na kitunguu chekundu kilichochachushwa, na pembeni habanero. Una uchachu mara mbili na moto mkali. Watu wanaona nyama ya nguruwe iliyoiva mpaka inachanika, wanafungua chupa nyekundu nzito. Wanajuta. Riesling yenye sukari, au Gewürztraminer kama unaipenda harufu yake ya waridi, ingawa uchachu wake ni mdogo na mimi naona inalemewa na yale machungwa.

Al pastor ndiyo ya ubishi. Nyama ya nguruwe iliyopakwa achiote na pilipili kavu, inazunguka kwenye nguzo ya wima inayoitwa trompo, na juu nanasi. Mtindo ule wa nguzo uliletwa na wahamiaji wa Lebanoni. Kule Puebla walianza na tacos árabes, na huko mbele likazaliwa hili. Tatizo la mnywaji ni nanasi. Chakula chenye utamu hufanya mvinyo mkavu uonekane mchungu na mkali kuliko ulivyo. Kwa hiyo kama taco ina nanasi la kutosha, mvinyo nao uwe na utamu kidogo, au angalau uwe na tunda lililoiva la kutosha kudanganya ulimi. Roze zenye mwili wa kutosha, zile nyekundu-nyekundu za Navarra, zinanipendeza hapa. Za Tavel pia, ila zisome lebo, huwa na kilevi kingi.

Mwekundu Daima

Mama Chungu heshima yako, lakini naona uzi mzima umeamua kumfukuza mvinyo mwekundu mzito kwa kura ya watu wawili. Carne asada mmeisahau? Ng'ombe wa mkaa, mtindo wa Sonora na kaskazini yote, kwenye tortila ya unga wa ngano. Chumvi nyingi, kingo zimeungua. Niambieni hapo nami ninywe Riesling.

Pipa Tupu

@Mwekundu Daima hapo siwezi kukuambia hivyo. Carne asada ndiyo taco ambayo sheria zangu zinalegea. Kwanza nyama ni nyingi kuliko kawaida na ndiyo inayoongea. Pili, protini na mafuta ya nyama hupunguza mkwaruzo wa tanini, na chumvi hufunika uchungu. Tatu, tortila ya ngano ni tulivu kuliko ya mahindi. Leta Malbec, leta Tempranillo ya crianza, iliyokaa kwenye mapipa. Kuna hata Nebbiolo za Baja California, ambazo hazifanani sana na Nebbiolo za Piemonte: nyingi ni nyeusi kwa rangi na zimejaa tunda. Na carne asada zinakwenda sawasawa.

Sharti langu moja: salsa ikae kwenye bakuli lake, usiimwage. Ukiimwaga chile de árbol juu ya hiyo nyama, tumerudi kwenye aya yangu ya kwanza.

Mwekundu Daima

Hapo tumeelewana. Na Zinfandel? Kila mahali nasoma Zinfandel na chakula cha Mexico.

Pipa Tupu

Zinfandel za California zinafika asilimia 14.5 au 15 bila kutoka jasho. Tunda lake tamu linasaidia, kilevi chake kinaharibu. Kama ni carne asada au birria (mchuzi wa nyama na pilipili kavu) isiyo kali, kunywa. Kama kuna habanero mezani, ifungue siku nyingine.

Kizibo

Nirudi kwenye salsa verde ya Mama Chungu, kuna kitu cha kufurahisha. Ile harufu ya kijani ya pilipili hoho inatokana na kundi la kemikali zinazoitwa pirazini. Kemikali hizohizo zimo kwenye Sauvignon Blanc, Cabernet Franc na Carmenère. Ndizo zinazofanya mtu aseme mvinyo unanukia majani au hoho. Kwenye meza ya steki watu wengine wanaona harufu hiyo ni ishara ya zabibu mbichi. Mbele ya rajas, zile pilipili poblano zilizochomwa zikachanwa vipande virefu na kupikwa na krimu, harufu hiyo inakuwa faida. Cabernet Franc ya bonde la Loire, Chinon kwa mfano, iliyopozwa kidogo, pamoja na taco za rajas: huo ndio mchanganyiko ambao sioni ukitajwa na ninaupigia debe popote ninapopata nafasi.

Na tusiisahau tortila, maana mleta uzi hata hakueleza kwa nini ameiweka nyuma. Mahindi ya tortila huchemshwa na chokaa kabla ya kusagwa. Huo ndio mchakato wa nixtamal, na ndio unaoipa tortila harufu yake ya kipekee. Sehemu ya harufu hiyo ni kemikali iitwayo aminoasetofenoni. Kemikali hiyohiyo ikijitokeza kwenye mvinyo mweupe wa Ujerumani, wataalamu wanaiandika kuwa ni kasoro ya kuzeeka vibaya. Kitu kinachosifiwa kwenye sahani kinakataliwa kwenye glasi. Nimeliweka hapa kwa sababu linanichekesha, halina matumizi.

Bia Baridi

Kizibo umeshuka mpaka kwenye maabara kabisa. Sawa. Nami niulize la maana basi. Watu wanasema chochote chenye povu kinakwenda na pilipili: Cava, Prosecco, Champagne. Kweli?

Sherehe Kila Siku

Kweli kabisa! Cava na taco yoyote. Nimefunga mjadala.

Pipa Tupu

Usifunge bado dada. Povu lina kesi mbili tofauti. Dhidi ya mafuta halina mpinzani: samaki wa kukaanga, carnitas, chicharrón (ngozi ya nguruwe ya kukaanga), fungua Cava au Crémant na usiulize mtu. Dhidi ya pilipili kali, gesi ile ikishayeyuka mdomoni inakuwa asidi inayochoma kidogo, na ina kipokezi chake cha maumivu jirani na kile cha pilipili. Mdomo ukiwa tayari umeungua, povu kali linachoma zaidi. Kwa hiyo Cava na taco ya samaki, ndiyo. Cava na habanero, kila mtu na mdomo wake.

Sherehe Kila Siku

Basi mimi mdomo wangu unapenda kuchomwa 😂 Pilipili bila maumivu ya nini?

Pipa Tupu

Na hilo ni jibu halali. Kuna watu wanaitafuta ile hali, wakinywa kitu kinachozidisha moto wanafurahi. Ushauri wangu wote ni kwa anayetaka ladha ya mvinyo ibaki.

Mhasibu wa Meza

Samahani, nimesoma uzi toka juu. Hakuna aliyetaja sherry, ule mvinyo wa Hispania unaoongezwa kilevi. Fino au Manzanilla ya Sanlúcar de Barrameda, iliyotoka kwenye friji, na taco ya samaki. Kavu kupindukia, harufu ya chachu na lozi, na chumvi fulani ya bahari. Kwangu inazipita Albariño zote.

Mwekundu Daima

Si mleta uzi alisema kilevi ni adui? Manzanilla ina asilimia 15. Mbona yeye hamfukuzi?

Mhasibu wa Meza

Kwa sababu taco ya Ensenada haina moto mwingi. Ina mafuta, kabichi, krimu na ndimu. Kilevi kinagombana na kapsaisini, na hapo kapsaisini haipo ya kutosha kugombana nayo. Halafu Manzanilla hunywewa kwenye glasi ndogo, baridi sana. Ukimimina salsa ya habanero juu ya huyo samaki, mimi pia nitaiondoa mezani.

Pipa Tupu

Nakazia. Na ndiyo maana nasema salsa kwanza: samaki huyohuyo anabadilisha chupa kulingana na unachomwagia.

Goti la Mbuzi

Birria mnaikwepa kwa nini? Mbuzi wa Jalisco, au zile quesabirria za Tijuana za ng'ombe na jibini, unachovya kwenye supu yake.

Mama Chungu

Hatukuikwepa mwanangu, ulikuwa hujafika. Birria ina pilipili kavu, guajillo na ancho, ina viungo kama mdalasini, karafuu na bizari, na ina mafuta mekundu yanayoelea juu. Kwa hiyo Garnacha, au Cinsault, au Syrah isiyo nzito. Jibini la quesabirria linasaidia, maziwa yana kaseini ambayo hukamata kapsaisini, kwa hiyo unaruhusiwa tanini kidogo. Shida iliyopo ni supu yenyewe kuwa ya moto. Supu ya moto na mvinyo wa joto la chumbani wenye kilevi vikikutana, kinachopanda puani ni kilevi kitupu. Poza mvinyo wako. Hili ni la lazima.

Goti la Mbuzi

Mvinyo mwekundu kwenye friji? Nilifundishwa ni dhambi.

Kizibo

Aliyekufundisha alizungumzia nyumba za mawe za Ulaya za zamani, ambako chumba kilikuwa na baridi yake. Mwekundu mwepesi unakaa vizuri kwenye nyuzi 12 hadi 14. Nusu saa hivi kwenye friji, au dakika chache kwenye ndoo ya maji na barafu. Usiugandishe tu: tanini zikiwa baridi sana zinazidi kukwaruza. Ndiyo maana Gamay inavumilia baridi, Cabernet Sauvignon haivumilii.

Sinywi Kabisa

Tusiokunywa kilevi tunaruhusiwa humu? Sheria hizi zinatuhusu?

Mama Chungu

Zinakuhusu kuliko sisi, maana adui wa kwanza umeshamtoa. Tafuta agua de jamaica, maji ya maua ya hibiskasi ambayo Wamexico wanayanywa na taco kila siku. Yana uchachu, yana mkwaruzo mdogo, yana sukari kiasi unachotaka, na rangi utadhani Lambrusco. Punguza sukari kuliko wanavyoandika kwenye mapishi. Na pilipili ikikuzidi, horchata ya mchele na mdalasini inatuliza.

Sherehe Kila Siku

Swali la vitendo. Nina wageni, taco za aina nne: samaki, al pastor, carnitas na za uyoga. Salsa tatu. Nataka chupa za aina moja tu, sitaki watu wachanganye glasi. Nini?

Pipa Tupu

Riesling. Kabinett ya Mosel kama salsa ni kali, au yenye maandishi *feinherb*, ambayo haina sukari nyingi, kama wageni ni wa kukunja uso.

Kizibo

Roze kavu. Nakataa Riesling kwa mkusanyiko, kuna mtu atalalamika utamu usiku kucha. Roze inabeba samaki, nguruwe na uyoga bila kumkera mtu yeyote.

Mama Chungu

Roze haimkeri mtu kwa sababu haisemi kitu. Lambrusco di Sorbara: rangi ya waridi iliyokolea, uchachu mkali, povu, kilevi kidogo. Angalia lebo, *secco* ni mkavu, *amabile* una utamu. Kwa wageni wako na nanasi lile chukua amabile.

Kizibo

Mama Chungu umeniumiza.

Mhasibu wa Meza

Mkishindwa kukubaliana, chukua Chenin Blanc ya Vouvray, *demi-sec*, yaani yenye utamu kiasi. Utamu wa Pipa Tupu, uchachu wa Mama Chungu, na Kizibo atajua ni Loire anyamaze.

Kizibo

Loire siwezi kuikataa. Ila bado ningeleta roze.

Sherehe Kila Siku

Mmenipa majibu manne kwa swali moja 😂 Nitachukua Vouvray na Lambrusco, glasi zichanganyike tu. Zikibaki nusu chupa zinakaa siku ngapi?

Mhasibu wa Meza

Vouvray yenye sukari na uchachu ule, ukirudisha kizibo na kuiweka kwenye friji, siku nne tano inakaa bila shida. Lambrusco povu linaondoka, imalize kesho yake, au imwage kwenye sufuria ya maharage meusi. Kama utaongeza Manzanilla kwa ajili ya samaki, nayo irudishe kwenye friji, ndani ya wiki moja iwe imeisha. Watu wanaiacha kabatini miezi kwa kuwa ina asilimia 15, halafu wanasema sherry ni mbaya.